Mpiga Kasia Asiyeruhusiwa Kusema

Sijawahi kuwa mvuvi. Nimekuwa mpaka rangi, mbeba kahawa, msaidizi wa fundi redio, mlinzi wa ghala, na msimu mmoja nilikesha nikikamata senene, wale panzi wa kuliwa, kwa taa za umeme huko Nshambya. Uvuvi niliudokoa tu, siku mbili hapa, wiki moja kule, kwa sababu nilitaka kujua. Shule niliiacha darasa la sita, nyumbani Kishanda. Haikunishinda, dirisha la darasa letu lilitazama barabara, na kila gari lililopita niliwaza linakokwenda. Kuogelea sijui. Nimekulia kwenye migomba, si majini, na kila nilipopanda mtumbwi nilikaa katikati na kuyatazama maji kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Hamugembe. Asubuhi nilipenda kukaa kwenye benchi la duka moja mjini Bukoba linalouza nyavu, ndoano na rangi za mitumbwi. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, mmoja wa wachache waliobaki, na Kihaya chake ni safi kuliko changu. Mimi nilimsaidia kuinua mlango wa chuma uliopinda, yeye alinipa chai na kunijibu maswali. Kwa nini ndoano hii ina kijipindo huku? Kwa nini nyuzi hizi ni za kijani? Alijibu mpaka alipochoka, kisha akasema, "Sasa nenda kaulize samaki."

Asubuhi moja liliegeshwa gari jeupe nje ya duka, wakashuka watu watatu waliovaa fulana za aina moja. Walitaka mishipi ya mkono na ndoano za kutosha watu wanane.

"Mnafungua mradi?" mzee akauliza.

"Tunapiga picha za televisheni, mzee," akajibu mkubwa wao, mwanamume wa makamo aliyevaa kofia ya majani. Huyu ndiye aliyekuwa mwongozaji. Alieleza kwamba wana kipindi cha mashindano, washiriki wanazungushwa mkoa baada ya mkoa, kila kituo wanapewa jaribio, na anayeshindwa anapigiwa kura na wenzake arudi nyumbani. Kituo cha Kagera jaribio lilikuwa kuvua. Mtumbwi mmoja, mshiriki mmoja, mpiga kasia mmoja wa hapa hapa. Atakayeleta samaki mzito kuliko wote hapigiwi kura wiki ile.

"Wapiga kasia mnao?"

"Tunao saba, kutoka kule mwaloni Muleba. Wa nane ameugua. Na kusema kweli wavuvi hasa wananipa wasiwasi. Wanakonyeza. Kituo kilichopita tulikuwa na jaribio la kukamua ng'ombe, mfugaji akawa anakohoa kila mshiriki akishika chuchu vibaya. Nataka mtu anayejua kupiga kasia lakini hajui samaki wanakaa wapi."

Mzee alininyooshea kidole bila hata kugeuka. "Mchukueni huyu. Anajua kila kitu, nusu nusu."

Ndivyo nilivyopata kazi hiyo.

Mwalo wenyewe, ufukwe wanakotia nanga wavuvi, uko chini ya mteremko mrefu wa mawe, na barabara inashuka kwa kona mpaka masikio yanaziba. Tulifika jioni, tukalala kwenye mabanda, na kulipopambazuka nikakutana na mwenye mitumbwi. Alikuwa mama mnene wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo, na kama ilivyo desturi ya mialo yetu kwa mtu mwenye vyombo, kila mmoja alimwita Tajiri. Aliishika mikono yangu akaigeuza viganja juu, akamaka kwa Kihaya kama anayemwita mama yake.

"Mawe! Huyu ndiye mvuvi mliyetuletea kutoka mjini? Mikono hii, waitu, inaweza hata kukanda chapati?"

"Nimewahi kukanda, Tajiri."

"Haya. Leo utakanda ziwa."

Wapiga kasia wengine walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikacheka nao. Lakini nilikuwa nimeshaona ukubwa wa mitumbwi, nikashika kasia moja kupima uzito wake.

Mwongozaji alitupanga mstari akatusomea masharti. Tusiseme neno na mshiriki. Tusimwonyeshe kwa kidole, kwa kidevu wala kwa jicho. Tupige kasia kuelekea anakosema yeye, tusimame anaposema yeye. "Ninyi ni injini," akasema. "Injini haishauri mtu."

"Injini inakula saa ngapi?" akauliza mmoja wetu, na hata mwongozaji alicheka.

Kisha wakaja washiriki wenyewe. Kila mmoja alitakiwa kutoa alivyo navyo mfukoni, simu, saa, hata pipi, na kuvitia kwenye mfuko wenye namba yake; mifuko ikawekwa kwenye beseni kubwa la bluu lililolindwa na msichana mmoja wa timu. Waliogopa mtu asiingie na kitu cha kumsaidia. Baadaye fundi wa sauti alimfunga kila mshiriki kinasa sauti kidogo chini ya kola, wakavishwa jezi na majaketi ya kuelea, wakavuta karatasi kujua nani anapanda mtumbwi upi.

Kwangu alikuja dada mwembamba mwenye jezi ya njano na kilemba cheusi. Alikuwa msusi, kutoka Morogoro, hilo nilimsikia akiiambia kamera. Alinitazama mkononi, akatazama kasia.

"Kaka, habari."

Nikanyamaza. Injini.

"Ah, kumbe hamruhusiwi. Basi mimi nitaongea, wewe sikiliza. Maji naogopa. Samaki naogopa. Wewe pia nakuogopa kidogo."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia.

Tulitoka mitumbwi minane kwa filimbi. Ziwa lilikuwa limetulia namna ambayo wavuvi huipenda, lina rangi ya chuma, na upepo mwembamba ukitoka kwenye visiwa kuja nchi kavu. Boti moja ya injini yenye mpiga picha na fundi wa sauti ilizunguka kati yetu. Dada aliniambia nenda kushoto, nikaenda kushoto. Akatia chambo, kikambale kidogo, huku amefumba jicho moja, akatupa mshipi, akangoja. Hakupata kitu. Akasema tusogee mbele. Akatupa tena. Mtumbwi mmoja ukapita karibu, mshiriki wake kijana mwenye misuli akampigia kelele, "Dada wa saluni, samaki hawasuki nywele!" Naye akajibu, "Wangesuka, wewe ungekuja na upara wako kufanya nini?" Nikauma mdomo nisicheke.

Hapo ndipo uliposimama ule moshi.

Mtu aliyekulia kando ya ziwa letu hanihitaji nimweleze, lakini wengine watataka kujua. Kuna siku ambapo wadudu wadogo kama usubi huamka kutoka kwenye maji, hawahesabiki, na kupanda juu kama moshi wa nyumba inayoungua. Unaona nguzo nyeusi imesimama juu ya maji, inapinda na upepo, na ndani yake hakuna moto. Hawaumi. Wakifika pwani wanajaa kwenye taa, kwenye chai, kwenye masikio ya watoto, na kesho yake wanafagiwa. Wavuvi wanaupenda huo moshi, maana samaki huja chini yake kula. Hata mimi nilijua hilo, nusu nusu. Na dada alilijua pia, kwa sababu asubuhi ile wanawake wa mwaloni walikuwa wamemwambia wakati wa uji: ukiuona moshi, hapo ndipo pa kutupa ndoano.

Hakuna aliyemwambia jambo jingine. Si kwa ubaya. Kwetu huo ni usumbufu na bahati, vyote kwa pamoja; mtu hufunika pua kwa mkono akaendelea na shughuli. Haikumjia mtu yeyote pale kuuliza kama washiriki wote wana vifua vizima.

"Ule!" akasema dada, amesimama nusu, mtumbwi ukayumba, nikashika kingo. "Ule ndio moshi wenyewe. Kaka, twende pale. Haraka kabla wale hawajauona."

Nikapiga kasia. Nilikuwa pia na hamu ya kuuona kwa karibu, sitaficha. Kwa mbali ulikuwa mzuri, unachezacheza. Tulipokaribia ukaacha kuwa moshi ukawa sauti, mvumo mmoja mnene usiotoka upande wowote. Wadudu wa kwanza walitua kwenye jezi yake ya njano kama ulezi uliomwagwa. Akajipangusa akicheka. Akatupa mshipi. Halafu upepo ukaisukuma ile nguzo juu yetu, na mchana ukaisha.

Sijui niseme vipi. Nilifumba macho, nikayafungua, hakukuwa na tofauti kubwa. Walikuwa puani, walikuwa kwenye kope, nilipofungua mdomo kuvuta hewa nilivuta wao. Nikafunga mdomo, nikavuta fulana mpaka puani, nikapumua kidogo kidogo kupitia kitambaa kama nilivyowahi kufanya kwenye ghala la pumba. Nikajisemea ni wadudu tu, hawaumi, watapita. Ndipo nikasikia kitu chini ya ule mvumo.

Kilikuwa kama filimbi. Nyembamba, inaingia, inasimama, inatoka kwa shida. Nilidhani ndege. Kisha dada akanishika goti, vidole vyake vikauma kama koleo, nikajua inatoka kwake.

"Pumu," akasema. Neno moja, na lilimchukua pumzi nzima. Baadaye kidogo, "Dawa. Kwenye... beseni."

Nikaelewa yote mara moja na nikatamani nisingeelewa. Kikopo chake cha dawa ya kuvuta kilikuwa ufukweni, kwenye mfuko wenye namba, kikilindwa na msichana asiyejua anachokilinda. Na pumzi ya huyu mtu ilikuwa mkononi mwangu, mimi niliyechaguliwa kwa kutojua.

"Dada, lala chini," nikasema. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake. Nikachovya gunia la kukalia kwenye maji, nikamfunika kichwa na mabega, akainama uso karibu na mbao za chini ambako wadudu walikuwa wachache. Kisha nikapiga kasia kuelekea nchi kavu kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

Nilipiga, nikapiga, na giza halikupungua. Nilidhani nazunguka. Nikatazama maji kando ya mtumbwi, yalikuwa yanapita sawasawa, tulikuwa tunakwenda. Lakini wadudu walikuwa wale wale. Ilinichukua muda kuelewa, na kila nikikumbuka muda huo nasikia baridi mgongoni: upepo ulikuwa unakwenda pwani, moshi ulikuwa unakwenda pwani, na mimi nilikuwa nakwenda pwani. Nilikuwa nausindikiza. Ningeweza kupiga kasia mpaka mchangani na asivute hata pumzi moja safi njiani.

Njia ya kutoka ilikuwa nyuma, kuelekea ziwa kuu, mbali na watu, mbali na beseni, mbali na dawa.

Nikageuza mtumbwi. Alihisi. Akainua kichwa chini ya gunia, macho yametoka, akatikisa kichwa, akanionyesha mkono kwa upande wa nchi kavu, hapana, kule, kule. Hakuwa na pumzi ya kunitukana. Nilimwambia, "Najua, dada. Najua. Kwanza hewa." Sikuwa na hakika. Huenda nilikuwa nampeleka akafie mahali ambapo hata maiti yake ingesumbua kuokotwa, na mimi nisiyejua kuogelea pembeni yake. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na hofu hiyo haikunipa nguvu kama watu wanavyosimulia. Ilinilegeza mikono. Nilikuwa najiambia kila pigo: hili tu, halafu lingine.

Tulitoka ghafla, kama mtu anayetoka mlangoni. Jua, maji, anga. Nyuma yetu ule ukuta mweusi ukaendelea na safari yake kuelekea pwani.

Nilimwondolea gunia. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Jaketi la kuelea lilikuwa limembana kifuani, nikaanza kufungua mikanda, kisha nikasita, maana bila jaketi akianguka amekwisha, nami siwezi kumfuata. Alinishika mkono akausukuma kwenye mkanda. Nikafungua yote. Akakaa ameinama mbele, viwiko magotini, akivuta hewa kwa mdomo uliokazwa kama anayepuliza moto, mabega yakipanda mpaka masikioni.

Sasa ule ukuta ulikuwa kati yetu na watu wote. Hatukuweza kuuvuka. Ilibidi tungoje ufike, upite, ndipo tuufuate. Boti ya injini sikuiona tena.

"Nikuongeleshe?" nikauliza. Akagusa ubao kwa kidole. Nikachukulia kuwa ni ndiyo.

Nikamwongelesha upuuzi wote niliokuwa nao. Nilimweleza jinsi ya kufungua redio bila kuvunja vishikizo. Nilimweleza kwamba kwetu Kishanda kuna mbuzi aliyekuwa anaingia kanisani wakati wa mahubiri na kulala karibu na madhabahu, na padri akasema mwacheni, ndiye pekee asiyesinzia kwa siri. Nilimweleza kuhusu mzee wa dukani. Kila nikinyamaza aligonga ubao kwa kidole, niendelee. Mara moja aligonga akakosea, kidole kikateleza, kichwa kikaanguka mbele, na mimi nikapiga ukelele ambao hata leo nauonea aibu. Alikuwa amefumba macho tu. Akayafungua, akanitazama kwa hasira ya kweli, akagonga tena.

Moshi ulipogusa ufuko tuliona watu wadogo wakikimbia huku na huku, mahema yakifungwa, turubai likiruka. Nikaanza kupiga kasia nyuma yake, polepole, nisiukaribie. Filimbi ya kifua chake ilikuwa imepungua kidogo, lakini haikuisha, na nilijua kutoka kwa shangazi yangu mwenye ugonjwa huo kwamba kimya kinaweza kuwa kibaya kuliko filimbi. Nikawa naombea iendelee.

Mwaloni hakuna aliyetutazama. Nesi wa timu alikuwa anamwosha mpiga picha macho. Wengine walikuwa wanakung'uta kamera kwa matambara. Nikamshusha dada nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, nikakimbilia beseni. Msichana mlinzi alikuwa amejifunika kanga kichwa kizima.

"Vitu vya washiriki haviguswi," akasema kutoka ndani ya kanga.

"Ni dawa."

"Mpaka mwongozaji aruhusu."

Sikubishana. Nilichukua mfuko, akanifuata akipiga kelele mpaka alipomwona dada anavyokaa. Akanyamaza, akafungua fundo la mfuko kwa meno yake mwenyewe. Dada alivuta dawa, akashika pumzi, akavuta tena. Sisi wawili tulisimama pale kama watu wanaongoja matokeo ya hospitali. Rangi ya midomo ilirudi taratibu sana.

Kitu cha kwanza alichosema hakikuwa asante.

"Msiseme. Ninyi wawili, nawaomba."

"Dada, ungekufa," nikamwambia.

"Najua. Kwenye fomu niliandika sina ugonjwa. Wakijua, leo leo wananipandisha gari." Alivuta hewa. "Maisha yangu yote naambiwa wewe kaa pembeni. Mpira, kaa pembeni. Harusi, wenzako wanacheza, wewe kaa pembeni na vumbi. Hapa ndipo mara ya kwanza nimeingia katikati. Bojo, si ndivyo mnavyosema? Bojo."

Neno hilo la Kihaya, la kuomba kwa huruma, alikuwa amejifunza kwa wale wanawake wa uji. Msichana wa beseni alianza kulia. Mimi nilikubali kwa kichwa, na tangu dakika ile hofu yangu ikahama. Haikuwa tena hofu ya ziwa. Ilikuwa hofu ya kitu nilichokubali kunyamazia.

Haikukaa muda mwongozaji akaja, mwenye furaha, ana wadudu kwenye ndevu. Alisema picha za moshi ukipiga pwani ni za ajabu. Ila kamera ya boti ilikuwa imefunikwa, na lile tendo lenyewe, mshiriki akiingia ndani ya moshi, halikupatikana. Sauti tu. Fundi wa sauti akaongeza kwamba hata sauti ilikuwa na upepo mwingi, neno halisikiki, filimbi tupu. Nikatazama chini.

"Lakini tazameni kule," mwongozaji akasema. Mbali kidogo, nguzo nyingine ilikuwa imesimama juu ya maji, nyembamba kuliko ya kwanza. "Tunarudia. Dada, unaingia tu na kutoka. Upo tayari?"

"Nipo tayari," akasema dada. Alishasimama. Alishafunga jaketi.

"Mimi sipigi kasia," nikasema.

Mwongozaji akageuka. "Kwa nini?"

Nikamtazama dada. Macho yake yalikuwa yananiomba wazi wazi. Ningeweza kusema neno moja pale, lile lile alilosema yeye mtumbwini, na mambo yangeisha. "Mikono imechoka," nikasema.

"Nilisema mimi!" Tajiri akapaza sauti kutoka kwenye nyavu. "Chapati!"

"Hakuna shida, yupo mwingine," akasema mwongozaji, na kijana mmoja mwenye mabega ya ng'ombe tayari alikuwa ameshika kasia langu.

Ilinijia hapo hapo, kwa kuogopa tu. Nikauliza kamera itakuwa wapi. Akasema nyuma, kwa mbali, maana hawezi kuichafua tena. "Basi mnahitaji mgongo," nikasema. "Mgongo wa njano na kilemba. Yeye macho yameshaingiwa na wadudu, yamevimba, uso wake mtautaka wiki nzima. Nivalisheni mimi."

Tajiri akacheka kwanza, na mwalo wote ukafuata. Mwongozaji alinipima kwa macho toka juu mpaka chini. Mimi ni mwembamba. Njaa za kuhamahama zina faida zake. "Jaribuni," akasema.

Dada mwenyewe alinifunga kilemba. Alipomaliza alinivuta sikio kidogo kama mama. Wavuvi walinisindikiza majini. "Mrembo, usiwasahau shemeji zako!" "Tajiri, mahari ya huyu ni mtumbwi au kasia?"

Mzaha uliishia pale mvumo ulipoanza. Safari hii sikuwa na kasia, sikuwa na gunia, sikuwa na kazi ya mikono. Niliambiwa nikae wima, nisijifunike, kwani kamera inaona. Kijana mwenye mabega akajifunika fulana akapiga kasia bila kugeuka. Wadudu wakafunga mbele yangu. Nilishika pumzi, nikashika, kifua kikaanza kupiga chenyewe, na hatimaye nikavuta, wakaingia, nikakohoa na kuvuta zaidi. Nilikuwa na kifua kizima, na nilidhani nakufa. Nikamfikiria yeye chini ya gunia, akihisi mtumbwi unageuka kwenda ziwani. Tulipotoka nililala kifudifudi nikatema maji na wadudu, na kijana akaniuliza, "Wewe, mbona unalia?" Nikamwambia ni macho.

Samaki mzito siku ile alikuwa wa yule kijana wa misuli, sangara wa kawaida kabisa. Dada hakupata kitu, akapigiwa kura chache, akanusurika. Jioni msafara ukaondoka kwenda kituo kingine, nami nikarudi Bukoba.

Kipindi kilianza kuonyeshwa miezi kadhaa baadaye. Mimi sina televisheni, nikawa naenda kwa kinyozi mmoja Hamugembe aliyeweka skrini ukutani. Sehemu yetu ilipofika watu walishangilia kuona mwalo. Moshi ulionekana mzuri, wakauwekea muziki wa ngoma, na mgongo wa njano ukaingia ndani yake taratibu. "Huyu dada ana roho ngumu," akasema kinyozi.

Lakini niliendelea kwenda kila wiki, na kila wiki nilikaa karibu na mlango. Nilijua vizuri kwamba yote yalishapigwa picha zamani. Lililompata lilishampata, hata nikiogopa vipi. Haikusaidia. Wiki moja waliwapa jaribio la kubanika samaki kwenye tanuri la udongo, moshi wa kuni sasa, moshi wa kweli, na akaingia akiwa amejifunga kitambaa chenye maji usoni. Nilisimama nikatoka nje. Nikarudi. Alikuwa ametoka, ameinama, viwiko magotini. Mtangazaji akasema anamwomba Mungu. Nilikuwa peke yangu mle ndani niliyejua alikuwa anafanya nini, na nilikuwa nimeahidi.

Wiki iliyofuata walimpigia kura akatoka. Hakukuwa na sababu kubwa, walisema tu hapiki vizuri. Alikumbatiana na wenzake, akapewa begi lake, akapanda gari. Mle kwa kinyozi kulikuwa na guno la watu wote kwa pamoja, maana walikuwa wameshampenda. Kinyozi akanigeukia, mkasi mkononi.

"Wewe ulikuwa humpendi?"

"Nani kasema?"

"Mbona unatabasamu?"

"Anaenda nyumbani," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema, akinitazama kana kwamba ni mimi nisiyeelewa kitu rahisi. "Ndiyo maana watu wamenuna."